Mahali pa Baba Katika Safu

Nilirudi Ujiji na masanduku mawili, moja la nguo na jingine la viatu, na hilo la viatu ndilo lililomchekesha baba. Dada yangu alilifungua mbele yake akidhani nimeleta zawadi. Vilikuwa viatu vyangu vya jukwaani, vyeupe, vyekundu, na jozi moja yenye vioo vidogo vidogo kisiginoni. Baba alikuwa kaegemea mito, kiharusi kimemchukua mkono wa kulia na upande mmoja wa mdomo. Akavitazama kimoja kimoja, kisha akacheka kwa nusu ya uso aliyobaki nayo. Dada akacheka, nami nikacheka ili nisiachwe nyuma, lakini niliudhika kwelikweli. Viatu vile nilikuwa navipenda.

Dada ndiye aliyemwuguza tangu mwanzo, na mume na watoto wake walikuwa Tabora wakimsubiri. Tukakubaliana arudi kwake, mimi nibaki na mzee mpaka apate nafuu. Niliwaambia watu wote kwamba nina haraka ya kurudi Dar es Salaam. Haraka hiyo haikuwapo. Bendi ilikuwa imeshapata mwimbaji mwingine, kijana mwenye kifua kipana na sauti nyembamba, na wala hakuna aliyenifukuza. Waliacha tu kunipigia simu kuniambia mazoezi ni saa ngapi.

Kama umewahi kwenda harusini katika nchi hii, basi kuna wimbo wangu mmoja umeshaucheza. Nasema hivyo bila majivuno, au tuseme kwa majivuno kidogo. Ndio unaopigwa keki ikiingia ukumbini. Nimeuimba mpaka nikauchukia, nikauimba mpaka nikaupenda tena, na miaka yote hiyo kuna mtu mmoja hakuwahi kuutaja mbele yangu hata kwa ubaya. Mtu huyo ni baba. Hakunikataza muziki wala hakunipa baraka. Nilipokuja kumsalimia alikuwa akiniuliza habari za mvua ya Dar es Salaam, nami namjibu, basi yanaisha.

Si kwamba hakujua muziki. Baba alikuwa mpiga dufu tangu ujana wake. Kwa asiyelijua, dufu ni ngoma ya duara, pana kama chekeche, upande mmoja ngozi ya mbuzi na upande wa pili wazi. Hushikwa kwa mkono mmoja na kupigwa kwa mwingine, maulidini, wanaume wakiwa wamepiga magoti safu moja, wanayumba pamoja na kuitikia kasida. Baba alikuwa na mahali pake katika safu ya mtaa wetu, wa tatu kutoka ukutani. Sasa dufu lake lilikuwa limetundikwa kwenye msumari juu ya kitanda, na yeye amelala chini yake.

Siku moja, dada keshaondoka, redio ikaupiga wimbo wangu. Ilikuwa mchana, tunakula ugali wa muhogo na mgebuka wa mawese, nami nikimtolea baba miiba. Niliacha kutoa miiba. Nikakaa namtazama, mtu mzima mwenye mvi kidevuni, nasubiri kama mtoto aliyeleta matokeo ya mtihani. Wimbo ukaimbwa wote, mpaka pale mwishoni ninapoivuta sauti na watu hupiga vigelegele. Baba akameza tonge lake, akasema, "Chumvi."

Nikaenda kuileta. Kule jikoni nilisimama muda, na sioni aibu kusema kwamba nililia. Nilitaka kitu kimoja tu kutoka kwa mtu yule. Nilitaka siku moja aseme amenisikia.

Wiki za kwanza mtaani nilikuwa mtu. Vijana wa bodaboda walinisimamisha tupige picha, akina mama walinitania dirishani, na mwenye duka hakuniita kwa jina langu, aliniita msanii. Kisha wote wakawa wamepiga picha. Picha ya pili na mtu yuleyule haina maana, kwa hiyo ikawa napita na hakuna anayeinua kichwa. Jioni nilipokwisha kumlisha baba niliteremka ziwani, nikakaa karibu na wanawake wanaoanua dagaa. Siku za anga safi milima ya Kongo inaonekana ng'ambo, lakini siku nyingi unaona maji tu. Nilikuwa natoa simu mfukoni nikitazama kama kuna mtandao. Mtandao ulikuwapo.

Nilialikwa harusi moja huko Kasingirima. Nikavaa viatu vya vioo, nikaimba juu ya muziki uliorekodiwa, na ukumbi mzima ukainua simu, hata sikuona uso wa mtu, niliona taa ndogo ndogo. Walinishangilia sana. Halafu wakanifungia pilau kwenye karatasi ya bati, wakanishukuru, na kati ya wote wale waliojua kwamba mzee wangu anaumwa, hakuna aliyeniuliza anaendeleaje. Nilirudi nyumbani nikiwa mpweke kuliko nilivyotoka. Baba alionja pilau akasema iliki imezidi.

Ijumaa moja baada ya swala akaja mkuu wa safu. Ni mzee mfupi anayeuza mawese sokoni, rangi ya mawese haimtoki viganjani, na ana ulimi usiomwogopa mtu.

"Shikamoo, mzee," nikamwambia.

"Marahaba. Bado hujaondoka wewe? Nasikia una haraka."

Akaketi kando ya kitanda, akamshika baba mkono ule uliokufa, akaongea naye kama kwamba si mgonjwa. Alisema mfungo sita, mwezi wa maulidi, umekaribia. Mahali pa baba pamekuwa wazi tangu augue, nao wamepaacha kwa heshima yake, lakini safu yenye pengo haiyumbi sawasawa. Desturi yao tangu zamani ni kwamba mahali hungoja mpaka maulidi. Siku hiyo ikifika, ama mtu wa nyumba ile awe amepiga magoti pale, ama wenzake wasogee. Wakishasogea, mahali hapo hapapo tena.

Baba alimsikiliza macho yamemlowa. Kisha mkono wake wa kushoto ukainuka taratibu, ukanionyesha mimi.

"Huyu?" mkuu wa safu akaangua kicheko. "Huyu ni mtu wa kusimama mbele. Atapiga magoti na viatu vyake vile?"

Kumbe habari za viatu zilishafika sokoni. Baba hakuushusha mkono.

"Ana mikono miwili," alisema, maneno yakimtoka kwa shida.

Hiyo ndiyo sifa pekee aliyonipa, nami niliikubali. Nilijiambia dufu nini, watu wa mtaani wanagonga ngozi, mimi nimeimba mbele ya viwanja vilivyojaa. Nilidhani nitawafanyia hisani.

Mazoezi yalikuwa kila siku baada ya alasiri, kwenye uwanja mdogo ng'ambo ya kichochoro, dirisha la baba linatazamana nao. Siku ya kwanza mtoa kasida akaanza, safu ikaitikia, nami nikaitikia nao. Niliipamba ile sauti. Niliipandisha pale wengine walipoteremka, nikaizungusha kidogo mwishoni, kitu ambacho kingenipatia makofi mahali pengine popote. Mkuu wa safu akainua kiganja chenye mawese.

"Nani huyo anayetoka?"

Wakanigeukia wote.

"Rudi ndani," akaniambia.

Sikuelewa ndani ni wapi. Nikapunguza sauti, akasema bado natoka. Nikapunguza tena, akasema sasa nanong'ona, kunong'ona nako ni kutoka. Wazee wale walicheka, na mimi uso ukanichoma.

Niliporudi nyumbani, baba alikuwa amekaa kwenye kiti dirishani.

"Nimekusikia," akasema.

Nilisimama mlangoni na dufu mkononi, mdomo ukianza kutabasamu wenyewe. Baba akatikisa kichwa.

"Nimekusikia wewe tu. Wenzako sikuwasikia."

Maneno niliyoyangoja miaka yote yakawa yamekuja, tena yamekuja kama lawama. Jioni ile sikuteremka ziwani. Nilijilaza chumbani kwangu nikamkasirikia baba, nikamkasirikia yule muuza mawese, nikampigia simu rafiki mmoja wa Dar es Salaam kumwuliza kama kuna kazi yoyote. Akasema yuko barabarani, atanipigia. Hakupiga.

Kesho yake nilirudi uwanjani kwa sababu sikuwa na pengine pa kwenda. Huo ndio ukweli, hapakuwa na ushujaa wowote. Nilirudi, nikaambiwa natoka, nikarudi nyumbani, nikaambiwa nimesikika. Ikawa hivyo siku nyingi, na mwishowe nikaamua kwamba kama sauti yangu hawaitaki, basi nitawaonyesha kwa dufu.

Unyevu wa ziwa hulegeza ngozi, kwa hiyo kabla ya kupiga wanakaa kuzunguka makaa wakiyapasha madufu yao moto, wanazungumza habari za bei ya samaki na za wajukuu. Kila mmoja analigeuza lake mara kadhaa, analigonga, anatosheka. Mimi la baba nililishikilia juu ya makaa. Nililigonga na kusikiliza, nikalirudisha, nikaligonga tena, kama nilivyozoea studio, ambako kila mtu anapigania sauti yake ipenye. Wenzangu walipoondoka kwenda kukaa, mimi bado nilikuwa pale. Nikaliondoa lilipokuwa linalia kali kama sufuria tupu.

Kwenye safu dufu lile lilipenya kuliko yote, nami nilifurahi, Mungu anisamehe. Nililipiga kwa raha ambayo sikuwa nimeipata tangu nije. Kasida ikiwa katikati, ngozi ikapasuka kutoka ukingoni mpaka katikati, na vidole vyangu vikazama upande wa pili.

Safu ikanyamaza. Mkuu wa safu, mwenye mzaha kwa kila jambo, siku ile hakuwa na mzaha. Jirani yangu wa kulia, fundi baiskeli mwenye kikohozi, ndiye aliyeniambia kwa upole kwamba ngozi ile baba aliivika mwenyewe, muda mfupi kabla hajaanguka. Ilikuwa kazi ya mwisho ya mkono wake wa kulia.

Kichochoro kile hakina upana wowote, lakini siku hiyo kilinichosha kukivuka. Baba alishasikia. Aliomba dufu kwa ishara, akaliweka mapajani, akapitisha kidole cha kushoto kwenye mpasuko, taratibu, mwanzo mpaka mwisho.

"Nisamehe, baba."

Akanirudishia dufu.

"Mwandiga," akasema. "Mbuzi jike."

Asubuhi nikapanda gari kwenda Mwandiga. Karibu na machinjio kulikuwa na mama anayeuza ngozi. Akanisalimu kwa Kiha, "Mwakeye," nami nikamjibu kwa Kiswahili, kwa kuwa Kiha changu kilikuwa kimepotelea mjini. Nilipomwuliza kama ngozi ni ya jike alicheka mpaka akashika kiuno, akataka kujua ni ngoma ya nani. Nikamwambia ni ya baba. Hakunijua mimi ni nani, akanichagulia ngozi kwa makini, akaikunja vizuri na kuniambia nimpe pole mzee. Ndani ya gari, safari nzima ya kurudi, niliyashika yale maneno yake kama kitu alichonikabidhi.

Tuliifanya kazi ile uani, mimi na baba. Niliiloweka ngozi, nikaiparua manyoya kwa kisu butu huku yeye akinielekeza kwa kidole. Ilipofika wakati wa kuivika, mikono yangu miwili haikutosha. Baba akaukumbatia mduara wa mti kifuani kwa mkono wake mmoja, mimi nikainama mbele yake nikiivuta ngozi na kuigongea misumari midogo. Vichwa vyetu viligusana. Alinukia mafuta ya kuchulia na kahawa. Sikumbuki ni lini kabla ya hapo nilikuwa karibu naye kiasi kile.

"Vuta," anasema. Navuta.

"Basi."

"Bado imelegea, baba."

"Basi."

Hatukuzungumza mengine. Sikuona haja ya kuwasha redio.

Ngozi ilipokauka nililigonga nikasikia sauti nzito, ya chini, ambayo kwa masikio yangu ilikuwa imekufa. Nililipeleka uwanjani kwa aibu. Nikalipasha moto kidogo tu kama wenzangu, nikapiga magoti mahali pa tatu, na kasida ilipoanza sikulisikia dufu langu. Lilikuwa limeingia katikati ya mengine. Kwa kuwa sikuweza kulisikia, ikabidi nimsikilize fundi baiskeli upande wa kulia, na seremala upande wa kushoto, nijue kama niko sawa. Nikaanza kuvuta pumzi fundi anapovuta. Nikajua anakohoa kabla hajakohoa.

Sauti ndiyo iliyonisumbua zaidi. Sauti iliyozoea kupigiwa makofi haikubali kukaa. Siku nyingine inakutii mpaka karibu na mwisho, halafu inakuponyoka na kuruka juu peke yake, na wazee wanakutazama kwa pembe ya jicho. Narudi nyumbani, baba yuko dirishani.

"Nimekusikia mwanzoni."

Siku nyingine: "Leo pale mwisho. Nimekusikia."

Nilikuwa namletea chai, nakaa sakafuni karibu na kiti chake, namwuliza ni mwisho upi, ule wa kasida ya kwanza au ya pili. Ananijibu kwa kunigonga begani kwa vidole vya kushoto, mapigo yenyewe, mpaka mahali nilipotoka.

Sitaki kudanganya kwamba upweke uliondoka. Mazoezi yakiisha kila mmoja alikwenda kwake, kwa mke na watoto na kelele, mimi naingia nyumba yenye taa moja. Na katikati ya siku hizo bendi ikanipigia simu. Nilivyoiona namba nilitoka mbio mpaka uani. Walitaka ruhusa. Kuna onyesho kubwa, na yule kijana atauimba wimbo wangu, je, nina neno? Nikasema sina neno. Nilikuwa nalo, tena mengi. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa mpaka adhana ya alasiri, kisha nikachukua dufu nikaenda, nikaitikia vibaya mazoezi yote.

Siku ya maulidi uwanja ulifunikwa mikeka. Ilikuwa baada ya alasiri, jua limepungua ukali. Mkuu wa safu alikuja kumbeba baba kwa kiti, baba akakataa, hakutaka watu wauone mdomo wake. Akabaki dirishani nyuma ya pazia. Mimi nilivaa kanzu yake. Mlangoni pa uwanja nikavua kandambili, nikaziacha katika rundo la viatu vya watu wote, nikaenda miguu mitupu kupiga magoti wa tatu kutoka ukutani.

Mtoa kasida akaanza. Safu ikayumba, kulia, kushoto, mabega yakigusana. Tulipofika kasida ya pili nilishtuka, kwa maana sikujisikia. Nilidhani nimenyamaza. Nikataka kujishika koo lakini mikono ilikuwa na kazi. Kisha nikahisi kifua kinatetemeka, nikajua naimba. Sauti ilikuwa inatoka, na sikuweza kusema ipi ni yangu na ipi ya fundi. Niliogopa kidogo. Halafu sikuogopa tena, nikaendelea.

Vijana walipiga video. Nimeiona baadaye: simu inapita safuni bila kusimama, na mimi ni bega moja na nusu ya kofia. Tulipomaliza tukarashiwa marashi, tukapewa halua na kahawa. Mkuu wa safu alipita akigawa, akafika kwangu, akanipa kikombe changu na kupita kwa mwingine bila neno, na kwa ulimi ule alionao nilishangaa.

Nikavuka kichochoro. Baba alikuwa palepale kwenye kiti, pazia limeshikwa kwa mkono wa kushoto.

"Ulikwenda?" akaniuliza.

"Nilikwenda, baba."

"Sikukusikia."

Nilisimama mbele yake. Akanitazama, kisha akacheka kwa nusu ya uso, kile kicheko alichovichekea viatu vyangu, na nusu nyingine ikawa inatiririka machozi ambayo hakuweza kuyazuia wala kuyafuta. Nikayafuta kwa mkono wa kanzu. Nilitaka kuinama niliweke dufu chini ya kiti.

"Chini kuna unyevu," akasema. "Litundike dufu lako."

Nilimrudisha kitandani kwanza, kisha nikapanda juu ya godoro nikalitundika kwenye msumari uleule. Niliposhuka alikuwa ameushika ukingo wa kanzu kwa mkono wake mzima, na hakuuachia mpaka alipolala.